Ésaïe na Kuba la Wagiriki

Ésaïe Kasonia hakuwa Mworthodoksi. Alisali kwa Waprotestanti, kama ukoo wake wote. Lakini baba yake alikuwa mwashi, na wapanda kahawa wa Kigiriki walipotaka kanisa pale Beni, ndiye aliyewajengea kuba: duara za matofali ya kuchoma, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, mpaka juu ikabaki nafasi ya tofali moja. Chini yake, mbele ya madhabahu, ulisimama ukuta wa mbao ulioshika picha za watakatifu zilizochorwa juu ya vibao.

Wagiriki waliondoka zamani za Zaire. Waumini wachache walibaki bila padri, na Ésaïe, aliyekuwa seremala, akaendelea kuziba paa lilipovuja.

Mwaka 1999 askari wa uasi walihamia kanisani. Walivifanya viti kuni za kupikia, kisha mlango. Ésaïe akaelewa kwamba ukuta wa picha unafuata. Mchana mmoja walipokwenda kwenye gwaride, aliingia na nyundo, akazitoa picha, akazifunika kwa majani ya migomba na kuzisukuma kwa chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi kwa Hadjara, Mwislamu aliyepeleka mchele Butembo kwa lori.

“Mama Hadjara, hizi picha hapana ya dini yako, hapana ya yangu,” alimwambia.

Hadjara aliziangalia. “Lakini kuna mutu alizitengeneza. Leta, nitazitia chini ya magunia.”

Askari waliporudi wakakuta picha hazipo, wakamkamata Ésaïe, aliyejulikana kuwa ndiye anayelitunza kanisa. Alikubali kwamba amezitoa yeye, lakini hakusema ziko wapi. Wakampiga kwa vitako vya bunduki, mkono wa kuume ukavunjika. Haukupona vizuri, hakushika randa tena. Kuna asubuhi alimwambia mkewe Kavira kwamba anajuta, maana mbao zimepona na nyumba imekosa wa kuilisha.  Kavira alikwenda sokoni kuuza viazi.

Vita vilipotulia, padri mpya akaja, na picha zikarudi, isipokuwa moja iliyooza kwa unyevu. Vijana walizipachika, Ésaïe akikaa kwenye benchi, akitazama mikono ya wengine ikifanya kazi aliyoipenda.

Hadjara naye alikuja. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba, akaketi kando ya Kavira. Alisema katika picha hizo kuna mama mmoja mwenye mtoto ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa ameegemezwa ukutani chumbani kwake Butembo, naye hakupata kujua ni nani.

Ésaïe akamwambia ni Mariamu.

“Ah, huyo ninamujua,” akasema Hadjara, akaendelea kutazama.