Pampu Iliyonyamaza Rwamgasa

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja mjini Shinyanga, maji yalipofurika kutoka kwenye ndoo na kutapakaa sakafuni mwa karakana ya Mzee Jayanti, na sote wawili tuliokuwa mle ndani tukayatazama tu bila kuinuka kuyapangusa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa binti mwembamba nisiyejua kupika ugali wa kueleweka lakini najua kuongea na kompyuta. Leo nasikia na wewe umeanza kuandika kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa na kuviongoza vifaa vyote vilivyounganishwa nayo. Kaa basi nikusimulie, maana jambo hili sikulisoma mahali. Nililiona.

Mzee Jayanti alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Shinyanga. Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu, nami ni Msukuma wa baba na mama. Duka lake liliuza pampu, na karakana iliyokuwa nyuma ya duka ilitengeneza masanduku ya kuziongoza. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na kompyuta ndogo. Boya lilikaa chini majini, maji yakipanda boya linanyanyuka, sanduku linapata habari, pampu inawashwa. Yakishuka, inazimwa. Wachimbaji wa dhahabu waliyapenda masanduku yale, kwa sababu duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, likijaa maji hakuna kazi, na mara nyingine hakuna kurudi nyumbani.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kiini kilikuwa kimoja kwa masanduku yote, na tulikipeleka kwa disketi. Lakini masanduku yenyewe hayakufanana. Kwa hiyo kila sanduku lilikuwa na chipu yake, nayo chipu imeandikwa maelezo ya vifaa: pampu iko waya huu, boya liko waya ule. Kiini kikiamka kinayasoma maelezo hayo ndipo kinajua kiko katika mwili gani. Disketi unaibadilisha popote. Chipu iliyochomelewa ndani ya sanduku lililoko porini huibadilishi bila kulifungua na kulirudisha mjini.

Aliyekuwa akiandika kiini pamoja nami ni Masanja, kijana wa Maswa, mcheshi, mwepesi wa akili kuliko yeyote niliyepata kukaa naye meza moja. Mwaka ule yalikuja maboya ya aina mpya. Maboya ya zamani, maji yakipanda, yalikata umeme kwenye waya wake. Haya mapya yalifanya kinyume, yalipitisha umeme maji yakipanda. Masanja akaongeza mstari mmoja katika maelezo ya chipu, wa kusema boya hili ni la upande gani. Ilikuwa kazi nzuri. Akakifagia na kiini chenyewe, akaondoa vipande vilivyorundikana tangu kabla yetu, mpaka kikasomeka kama barua. Nilimsifu, na sifa zile alistahili.

Kilichobaki ni swali dogo ambalo hatukulikalia. Chipu za zamani hazina mstari huo. Kiini kikikuta haupo, kichukulie nini? Masanja aliandika kichukulie boya ni jipya, kwa kuwa mapya ndiyo yatakayokuwa mengi.

Dereva wa dukani akaondoka na disketi kwenda Rwamgasa, kwa wachimbaji wa dhahabu waliokuwa na sanduku letu la zamani. Kesho yake asubuhi nikawa nalihamisha sanduku la zamani lililokuwa likikaa mezani petu, liende stoo. Kabla ya kulifunga nikaona niliwashe kwa kiini kipya, kwa hamu tu ya kuliona likiamka. Nikaliunganisha na pampu ya majaribio, nikatumbukiza boya lake kwenye ndoo, nikafungua bomba. Maji yakapanda. Boya likanyanyuka, nikawasha. Pampu kimya.

"Waya umechomoka," Masanja alisema.

Nikautikisa waya. Haukuchomoka. Maji yakafika ukingoni, yakamwagika. Masanja akalitazama boya, akaitazama skrini, kisha akaketi taratibu.

"Holo," akaniita, "linaona maji yamekauka."

Nikaelewa papo hapo. Sanduku la zamani linakatiwa umeme kusudi liambiwe maji yamepanda, na kiini chetu kipya kinasoma kukatika kule kuwa maji hakuna. Na disketi ilikuwa imeshafika Rwamgasa tangu jana jioni. Simu huko wakati ule haikuwepo.

Tulimkuta Mzee Jayanti kwenye kaunta akimpimia mteja mpira wa maji. Masanja hakuzungukazunguka. Alimweleza yote. Mzee aliuweka mpira chini, akamwomba mteja radhi, akachukua funguo za pikapu.

"Pandeni," alisema. Basi.

Barabara ya Kahama kwenda Katoro siku hizo ilikuwa mashimo matupu, na mzee yule aliyezoea kuendesha polepole aliendesha hata kofia yake ikamdondoka asijali. Karibu na Ushirombo Masanja ndipo alipofungua kinywa.

"Mzee, lakini hata maelezo yale ya zamani yana upungufu. Wangeandika tangu mwanzo boya ni la upande gani, haya yasingetokea."

Nilitamani anyamaze. Mzee Jayanti hakukasirika. Aliupita mtaro mmoja mkubwa kwanza, ndipo akajibu.

"Niliyaandika mimi, Masanja. Wakati huo boya lilikuwa la aina moja tu, ningeandika upande gani? Kutoandika kwangu kulikuwa na maana yake, na kiini cha zamani kiliijua. Wewe umekuja ukayapa maneno yangu maana nyingine. Sanduku liko porini, halina mdomo wa kukwambia kwamba sivyo lilivyosema."

Masanja akageukia dirishani. Nilimwona akijifuta uso kwa kiwiko, nami nikajifanya natafuta kitu miguuni.

Tulifika jua limeanza kupoa. Jenereta ilikuwa ikinguruma, sanduku letu limefungwa kwenye nguzo, taa yake ya kijani inawaka vizuri kabisa. Pampu ilikuwa kimya. Mwendesha mashine, kijana mstaarabu aliyeitwa Sitta, alikuja kutulaki kwa shikamoo.

"Marahaba. Watu wako chini?" Mzee alimwuliza.

"Wako wanne, Mzee, kwenye njia ya pembeni. Leo maji hamna, pampu imepumzika tangu tulipoweka disketi asubuhi, wao wakiwa wameshashuka."

Unaona, mwanangu, Sitta hakukosea. Kwa muda wote aliofanya kazi pale, pampu ikinyamaza maana yake duara ni kavu. Ndivyo sisi wenyewe tulivyomfundisha. Ili kuweka disketi alilazimika kuzima kila kitu kwa muda, maji yakajikusanya chini yakalinyanyua boya, na kiini chetu kilipoamka kikaona ukavu.

"Washa kwa mkono!" Masanja alipiga kelele. "Washa kwa mkono, Sitta, maji yamejaa!"

Sitta alirukia swichi ya mkono. Pampu ikaanza kutapika maji mekundu ya udongo. Mzee Jayanti alikuwa ameshapiga magoti mdomoni mwa duara, anaita kwa Kisukuma. Aliita mara ya pili na ya tatu, ndipo ikaja sauti ya mtu, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka chumba kingine.

Mlango wa ile njia ya pembeni ulikuwa umezibwa na maji karibu wote. Watatu walikuwa wamebana kwenye sehemu ya juu wanasubiri. Wa nne, Baba Ester, ndiye aliyejaribu kupita chini ya maji ili aje kuita msaada, akakwama kwenye matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Wenzake walimvuta miguu wakamrudisha. Maji yaliposhuka walimtanguliza yeye kwenye kamba ya winchi. Alitoka juu hana rangi, akatapika maji, akakohoa kikohozi ambacho bado nakisikia nikisikia mtu mwingine akikohoa. Lakini alikohoa. Alikuwa hai.

Mwenye duara alikuja mbio, akaanza kumfokea Sitta: disketi umeiwekaje, umeharibu nini, kazi huna! Sitta alisimama ameinamisha kichwa. Hakujua kilichotokea. Na hapa ndipo nilipomheshimu Masanja kwa maisha yangu yote. Angeweza kukaa kimya. Sisi wa karakanani tu ndio tuliojua. Alisogea akasimama kati yao.

"Mwache huyu," alisema. "Disketi ameiweka sawasawa. Kilichomo ndani yake ndicho kibovu, na nimekiandika mimi."

Mwenye duara alimshika kola. Mzee Jayanti akamshika mkono mwenye duara, polepole, akasema kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, na kola ikaachiwa.

Mama Ester alipofika, kanga moja begani nyingine mkononi, Masanja alimfuata akamweleza na yeye. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Basi nenda kamsalimie. Mwambie mwenyewe."

Akaenda. Sijui waliambiana nini, maana niliona si vizuri kusogea. Nilichoona ni Baba Ester, amelala kwenye turubai, akimpigapiga Masanja mgongoni kana kwamba Masanja ndiye aliyetolewa majini.

Tulirudishia kiini cha zamani kabla ya kuondoka. Njiani Masanja alimwambia mzee kwamba anaacha kazi, arudi Maswa akalime pamba. Mzee Jayanti alimjibu, "Pamba utalima ukistaafu. Kiini hiki unakijua kuliko sisi sote. Ukienda, atakayekuja atakosea palepale, kwa sababu hakumwona Baba Ester."

Masanja alibaki. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo: mstari wa upande ukikosekana kwenye maelezo, kiini kichukulie boya la zamani, kama ilivyokuwa siku zote. Anayetaka boya jipya auandike. Na tangu hapo kila kiini kipya kiliwashwa kwanza kwenye sanduku la zamani kuliko yote tuliyonayo, ndoo na maji na vyote, ndipo disketi ipande basi. Baba Ester hakushuka tena kwenye duara. Kifua kilimkataa. Walihamia Chato, wakawa wanauza dagaa, na Masanja alikuwa akiwatembelea kila alipopata nafasi.

Basi, mwanangu, ninachotaka ukibebe ni hiki. Sikukatazi kutengeneza kipya. Ongeza mistari mipya kadiri unavyohitaji, ipe majina mazuri, ieleze vizuri. Ila neno lililokwisha kuandikwa kwenye chipu ya mtu usilibadilishe maana, hata kama wewe leo ungeliandika kwa namna nyingine. Na pale maelezo ya zamani yaliponyamaza, uliza kwanza walinyamaza wakimaanisha nini, kisha uiheshimu maana hiyo. Kiini chako kitakuwa na vichaka hapa na pale, vipande vya zamani usivyoweza kuvifyeka. Utaona haya kuwaonyesha wenzako. Vumilia. Kila kichaka kina mtu ambaye hutamwona kamwe, aliyenunua sanduku lako akalifunga kwenye nguzo akaamini kwamba kesho litafanya kama lilivyofanya jana. Na siku utakapokosea, maana utakosea, jitokeze mapema kabla mwingine hajafokewa kwa ajili yako.

Mungu akupe akili ya kubuni na subira ya kulinda kilichobuniwa na waliokutangulia. Kazi ya mikono yako iwafikishe watu nyumbani kwao salama, na wewe akufikishe kwako. Wabeja, mwanangu, kwa kunisikiliza.