Dirisha la Mkurugenzi

Adolphine alijifunza kuoka mikate ukimbizini, upande wa Kigoma. Aliporudi kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, akiwa na mume mgonjwa na watoto wadogo, hakuwa na mtaji mwingine zaidi ya mikono yake. Mume akafariki, watoto wakakua, binti yake wa kwanza, Divine, akaolewa Uvira. Mikate ikabaki. Watu wa sokoni walijua kwamba ukitaka mkate mgumu nje na laini ndani uende kwa Mama Divine, na usimcheleweshe kwa salamu ndefu, maana yuko na moto.

Wafanyakazi wake walikuwa watatu. Claver Ntahomvukiye, Mrundi aliyetoka kambi ya wakimbizi, alikanda unga na kupanga kuni. Bienfait alibeba mikate kwa pikipiki hadi Mboko. Florentine, mtoto wa mdogo wake, alikaa dirishani akiuza. Na kila jambo lilimwangukia Adolphine. Chumvi imekwisha, Mama. Gurudumu limetoboka, Mama. Kuku ameingia kwenye unga, Mama, tumufanye nini?

Kwa hiyo alipoitwa kwenye mafunzo ya wafanyabiashara katika ukumbi wa kanisa, na mkufunzi akabandika ukutani mchoro unaoitwa organigramu, Adolphine aliupenda papo hapo. Ulikuwa na visanduku vingi vilivyounganishwa kwa mistari, kila kimoja na cheo chake, na Directeur Général, yaani mkurugenzi mkuu, DG, juu kabisa. Mkufunzi alieleza kwamba shida ya chini hupanda kwa mstari, ikisimama kwenye kila kisanduku, na nyingi humalizikia njiani. Adolphine aliitazama ile mistari kama mchovu aliyeona kitanda.

Siku iliyofuata alimwita Dany, fundi wa kuchora vibao vya maduka, akampa karatasi ya mfano.

"Unichoree hii ku ukuta ya mbele, bantu bote baone. Hawa batatu ubagawanye mu visanduku vyote, kisibakie hata kimoja wazi. Mi unajua pa kuniweka."

Dany alikuwa mtu mwaminifu kwa karatasi. Alinakili mistari yote na visanduku vyote kwa rangi ya buluu. Claver akapata Production ya kuoka, Logistique ya akiba, Ressources Humaines ya wafanyakazi, na Sécurité. Bienfait akapata Transport na vyote vya biashara. Florentine akapata Caisse ya pesa na Secrétariat. Wakati huo Adolphine alikuwa ndani na moshi, hakutoka kutazama. Aliona tu rangi kwenye vidole vya Dany alipokuja kuaga, akamshukuru.

Asubuhi ya tatu Claver alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mama, Production iliomba mufuko moja ya unga."

"Basi chukua."

"Logistique ilikatala. Inasema mifuko ya akiba haiguswe."

"Logistique ni nani?"

"Ni mi."

"Na Production?"

"Ni mi pia. Lakini hatusikilizane."

Adolphine aliweka chini koleo la tanuru. "Claver, uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama." Alijipangusa unga usoni, akazidi kujipaka. "Kule kambini, jina yako kama haiko ku liste, we hauko. Walisoma majina, yangu haikutoka. Nikawaambia, ni mi huyu. Wakasema, Ntahomvukiye hakuna. Na mi nilikuwa nasimama mbele yao, wananiona! Hapa niko mara ine. Niache kwanza nifanye vizuri."

Adolphine alitoa mwenyewe ule mfuko wa unga, akampa Production, akaomba radhi kwa Logistique, kisha akatoka nje kwenda kutazama yeye aliandikwa wapi.

Alisoma ukuta kutoka chini kwenda juu. Mistari yote ilipanda vizuri, ikakutana, ikapanda tena, ikaishia kwenye dirisha la kuuzia mikate. Dany alikuwa amelizungushia dirisha fremu ya buluu, na juu yake, palipobaki nafasi ndogo, ameandika D.G. Ndani ya dirisha alikaa Florentine akijitazama kwenye simu na kujinyoosha nyusi kwa mate.

Adolphine alimpigia Dany.

"Mi uliniweka wapi?"

"Kule juu, Mama Divine. Mule mu dirisha."

"Mi siko mu dirisha! Mi niko ku moto!"

"Ni kweli. Lakini karatasi inasema DG iko juu, na mi ile juu nilikuta dirisha iko. Nitaleta ubao, nitaandika jina, tutapigilia." Akaongeza kwamba kwa sasa yuko njiani kwenda Lulimba kuchora duka la mnunuzi wa dhahabu, na mtandao ukakatika.

Wiki zikapita. Soko lilikuwa limeshauzoea mchoro. Watoto walimsalimia Florentine "Madame DG" na mchungaji mmoja alimwalika kukaa meza ya mbele siku ya mavuno. Alikwenda, akarudi na chupa mbili za Fanta. Adolphine alicheka, ila Fanta hakuionja.

Wageni wa shirika lililoendesha yale mafunzo walikuja siku ya mvua. Hakuwa yule mkufunzi; walikuwa wengine wawili, mama mwenye miwani na bwana mwenye mkoba, wote hawajamwona Adolphine kabla ya hapo. Florentine alikuwa amekimbia nyumbani kuanua nguo. Nafasi yake alimwachia Mama Georgette, jirani muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye mvua ikianza huingia kujikinga na beseni lake.

Wageni walisoma ukuta, wakafuata mistari hadi juu, wakainama dirishani.

"Madame DG, tumefurahi. Unaona nini kuhusu kesho ya boulangerie hii ya mikate?"

Georgette alikuwa amekula mikate ile miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mikate ni midogo," alisema. "Tutaiongeza. Na yule mama wa ku moto anakaripia bantu. Nitasema naye."

Hapo ndipo Adolphine alipotokea na koleo lake, macho mekundu kwa moshi. "Georgette, uko unasema na nani?"

Mama wa miwani alimgeukia kwa heshima. "Karibu, Mama. We uko mu kisanduku gani?"

Adolphine alifungua mdomo. Kila mtu aliutazama ukuta, hata Bienfait aliyekuwa juu ya pikipiki. Claver, kwa nia njema kabisa, akamsaidia:

"Huyu njo mwenye boulangerie. Ku organigramu yeye hayuko."

Wageni walitazamana. Bwana alitoa kalamu.

"Mumetenganisha mali na uongozi!" alisema. "Tunafundisha hii kila siku, na hakuna mwenye kuwahi kuifanya. Mama, haikukuuma?"

"Iliniuma," alisema Adolphine.

"Inauma wote," alisema yule mama, akampa mkono kwa huruma ya kweli. Kisha wakaagiza mikate kwa mkutano wao wa Fizi, ile mikubwa aliyoahidi Madame DG.

Walipoondoka, Adolphine alimfokea Georgette mpaka mvua ikakoma. Georgette alijibu kwamba yeye aliulizwa, akajibu. Lakini ahadi ilikuwa imekwenda na gari, kwa hiyo mikate ikaokwa mikubwa. Fizi wakaila, wakaomba mingine. Na Georgette akaja kila asubuhi kuhakikisha haipungui, akikaa dirishani, huku Florentine akifurahi kulala zaidi.

Siku ya sita ndagala wake walianza kuharibika, akataka kuacha kazi. Claver, kwa upande wa Ressources Humaines, akamwambia hawezi kuondoka hivi hivi. Lazima atoe taarifa na asubiri mwezi. Georgette alishangaa, lakini akatii. Akaleta beseni la ndagala, akaliweka dirishani pembeni ya mikate, amalizie mwezi wake bila hasara. Watu waliokuja kununua mkate wakabeba na ndagala. Mwezi ukaisha, hakuna aliyekumbuka kumwambia aende. Adolphine mwenyewe alizoea kusikia sauti yake ikibishana na wateja kule mbele juu ya mambo ambayo zamani yangemfikia yeye.

Dany alirudi kutoka Lulimba na ubao mzuri begani. Adolphine akamwambia ubao aende nao. Dirishani kuna watu.

"Andika ku mulango."

Dany aliusukuma mlango, akauvuta. "Mama Divine, mulango inafungukia ndani. Asubuhi ukifungua, jina yako itageukia ku tanuru. Bantu ba njia hawataiona."

"Kule njo niko."

Akauliza aweke cheo gani. Adolphine akafikiri kidogo, akasema aandike Mama Divine tu, na apake rangi mara mbili kwa sababu ya moshi.