Bibi Aliyeniomba Nimwonjee

Mtanicheka, najua. Hata mume wangu huwa anacheka, halafu anataka nimsimulie tena. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Kasulu, mwaka 2013, na sikuwa nimekunywa hata togwa.

Kaka yangu Yohana alikuwa mahabusu kwa kesi ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe baadaye alirudi nyumbani kwa miguu yake, lakini tuyaache hayo. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula kutoka kijijini kwetu Nyakitonto. Safari hiyo aliniagiza nipike cha kutosha, maana alikuwa na mwenzake, Filipo, aliyefiwa na mama yake akiwa humo ndani. Hakupata nafasi ya kwenda kumzika. Tangu hapo hakutia kitu mdomoni, na Yohana aliogopa kijana wa watu angewafia mikononi.

Basi nikapika maharage na ugali wa muhogo, nikaenda kupanga foleni. Kama hujawahi kupeleka chakula mahabusu, utaratibu ni huu: ukifika kwa askari unafunua sufuria, unaonja mbele yake, akuone umemeza, ndipo chakula kinaingia. Wengine hulalamika. Mimi sikuwahi, napenda kula.

Nyuma yangu alisimama bibi mmoja mfupi, kajifunga kitenge cha kijani, kashika bakuli lililofunikwa jani la mgomba. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Akaniambia mwanawe yumo humo ndani, ila askari hawampokelei, wanampita kama hawamwoni. Nikakasirika kwa niaba yake. Wazee siku hizi nani anawajali?

"Changanya na chako, mwanangu," akasema. "Ila nionjee kwanza. Mimi siwezi tena."

Nikadhani ni meno. Nikaonja. Jamani! Maharage ya mawese, yenye nyanya chungu zilizochomwa kwanza kwenye makaa. Nyanya chungu sizipendi tangu utotoni, lakini niamini, nilichota tena na tena. Bibi akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akatabasamu, akauliza kama nimeolewa. Nikacheka, nikasema bado. Nikayamimina yote kwenye sufuria yangu.

Zamu yangu ilipofika, askari alikuwa amenikodolea macho.

"Dada, muda wote huo ulikuwa unaongea na nani? Na ulikuwa unatafuna nini?"

Nikageuka nimwonyeshe. Bibi hayupo, bakuli halipo. Alikuwepo mwanamume mwenye chupa ya chai, naye akaapa kwamba tangu nifike yeye ndiye aliyenifuata. Nilionja mbele ya askari, nikakabidhi chakula, nikaondoka nikisali sala za dini zote ninazozijua.

Nilipokwenda tena, Yohana akanisimulia. Filipo alionja tonge moja, akaliweka chini, akalia sana. Kisha akala mpaka akaramba sahani. Alisema hajui mtu mwingine anayechoma nyanya chungu za kutia kwenye maharage ila mama yake, waliyemzika kijijini kwao Kagerankanda na kitenge chake cha kijani. Sasa mimi ningezitoa wapi?

Filipo alipoachiwa alikuja moja kwa moja kwetu kuuliza nani alipika. Nilimwambia yote, akaamini bila kubisha. Akataka kujua mama alisema nini kingine. Niliona aibu, lakini nikamwambia: aliuliza kama nimeolewa.

Sasa tuna watoto wawili. Na tangu siku ile maharage yangu, niyapike vyovyote, yanatoka na ladha ya nyanya chungu za makaa, hata zisipokuwemo. Filipo huyala yote. Akimaliza husema asante, na anayemtazama si mimi.

Kwa hiyo wewe binti unayepeleka chakula mahabusu, sikia. Bibi akikuomba umwonjee chakula cha mwanawe, sikukatazi, mtu asife njaa. Ila ujue si chakula peke yake kinachopimwa pale. Ukishameza, umeshakubali.