Dawa ya Upele ya Masanja

Kila msimu wa kupulizia pamba, harufu ya ile dawa ikivuka mashamba ya Nkoma, naziba pua kwa kanga. Watu hudhani nina mafua.

Nilikuwa na miaka minane. Upele ulitukamata watoto wote, tukijikuna kama mbuzi kwenye ukuta. Masanja, muuza dawa za pamba, akapita na baiskeli yake, chupa zikigongana kapuni.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama. "Hii inamaliza hata upele. Mpake mtoto leo, kesho atakusumbua kwa njaa tu."

Mama akacheka, akanunua. Nusu akaimimina kwenye chupa ya soda, akanituma kwa shangazi, maana binti yake Kabula alikuwa na upele kunizidi.

Njiani nilipita kwa Masanja. Mkewe alikuwa anamwogesha mtoto wao kwa maji ya mwarobaini. Nikamuuliza mbona hampaki dawa ya baba yake.

"Thubutu! Tukiigusa tu, anafoka."

Nikadhani ni uchoyo: dawa ya kuuza, si ya kwao.

Kwa shangazi nilifikisha maneno ya Masanja yote. Kabula akauliza kama inawasha. Nikamwambia haiwashi, nimeshapakwa. Sikuwa nimepakwa. Nilitaka tu asilie.

Akapakwa mwili mzima. Jua halijazama, mate yalikuwa yanamtoka, amelegea. Alikata roho kwenye bodaboda, mapajani mwa mama yake, kabla hawajafika hospitali Bariadi.

Msibani Masanja alisema, "Sikujua." Mama naye akasema, "Wifi, sikujua." Shangazi alimsamehe Masanja. Lakini mama alijibiwa naye, "Wewe ndugu. Ungeanza na wako."

Hawakusemezana tena.

Utotoni niliona wote wawili wamekosea sawa, kwa kuwa maneno yalikuwa yaleyale. Ukubwani ndipo nilipomkumbuka yule mtoto wa Masanja na maji yake ya mwarobaini. Mama alipeleka alichokiamini. Masanja aliuza alichokikataza nyumbani kwake. Na mimi, nilipolitambua hilo, nikanyamaza.

Mwaka jana tulimzika mama. Shangazi hakuja. Baada ya matanga nilimfuata, nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu kwa Kabula. Alikuwa anachambua pamba, mikono ikasimama.

"Mama yako alikuwa ananingoja?"

"Ndiyo, shangazi."

Akajifunga kanga, akaniambia nimpeleke kaburini.

Mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote hiyo. Nikimtembelea, nakaa karibu naye, nangoja aniulize.