Jipu Langu na Msikilizaji wa Dodoma

Nikilikumbuka jambo hili mpaka leo masikio yananiwaka moto, na ningeweza ningelificha, lakini nusu ya mtaa wetu wa Kasingirima wanalijua tayari na nusu nyingine wamesimuliwa vibaya (wapo wanaosema nilikimbia uchi mpaka sokoni, si kweli, sikuvuka hata kibaraza), kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, kazi yangu ni ya kukaa, na Mungu akanijaalia jipu mahali pale pale pa kukalia. Wala halikuwa la kwanza, moja likipona linaota jingine, nikawa nashona nimeegemea upande mmoja kama mtu aliyepanda punda bila tandiko, mpaka mteja akarudisha suruali akiniuliza kwa upole kama nilimpima yeye au nilimpima mtu mwenye mguu mfupi. Mke wangu Mwajuma akasema basi, nenda zahanati.

Zahanati yenyewe ni ndogo, chumba cha daktari kinatazamana na benchi la wanaosubiri. Daktari ni dada wa kutoka Iringa, Dokta Anitha. Nilipoingia akaanza kunieleza jambo, nami sikulisikia hata kidogo, kwa sababu kwenye upenyo wa mlango nilimwona mama mkwe wangu, Bi Tausi, anaketi pale kwenye benchi. Alikuja kupima presha. Sasa mimi na mama mkwe, tangu nimwoe binti yake, ni kuinamisha kichwa, shikamoo mama, kisha napita pembeni, ndiyo heshima yetu. Akisikia jipu langu liko wapi, si nitahamia Burundi? Nikataka yaishe haraka. Daktari akauliza, "Umenielewa baba? Unaridhia?" Nikajibu, "Ndiyo dokta, naridhia, yote sawa."

Hilo ndilo kosa langu lote, hiyo "ndiyo".

Akavuta pazia, nikateremsha suruali, nikalala kifudifudi kitandani, nikaeleza kila kitu kwa kunong'ona. Daktari ananiangalia, anauliza taratibu, mimi najibu, mambo yanakwenda vizuri. Mara kutoka mezani, ambapo hapakuwa na mtu, sauti ya mwanamke ikasema wazi kabisa, "Samahani daktari, hapo sikusikia. Jipu liko tako la kulia au la kushoto?"

Ndugu zangu, niliruka. Akili yangu iliniambia kuna mwanamke wa pili chumbani, na huenda ni mama mkwe, na miguu yangu haikungoja uthibitisho. Lakini suruali ilikuwa kwenye vifundo, kwa hiyo nilichoruka nacho ni nusu hatua, nikashika pazia nisidondoke, pazia likaja na waya wake, nikajigonga mlangoni, mlango (uliokuwa haujakazwa komeo) ukafunguka, nikatua sakafuni nje, shati limepanda kifuani, pazia limenifunika kichwa tu. Kichwa, sehemu pekee ambayo haikuhitaji kufunikwa. Na ile sauti nyuma yangu ikaendelea kwa adabu, "Daktari, nasikia kishindo. Niandike nini?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nilipojifunua uso, Bi Tausi alikuwa ameshageukia ukutani, amejifunika uso kwa ushungi, na bila kunitazama akavua kanga yake ya juu, akainyoosha nyuma. "Jisitiri, mwanangu," akasema. "Kisha urudi ndani ukatibiwe. Hakuna aliyekuja hapa akiwa mzima." Kicheko kikakatika. Nikajifunga kanga ya mama mkwe, nikarudi.

Daktari aliniomba radhi mara nyingi kuliko nilivyostahili. Akanieleza upya kwamba huyo anaitwa Zuhura, yuko Dodoma, chumbani peke yake, kazi yake ni kusikiliza kupitia kompyuta na kuandika maelezo ya mgonjwa, na asubuhi hiyo spika ya kompyuta iliachwa juu kwa bahati mbaya. "Zamani nilikuwa naandika mwenyewe," akasema, "mgonjwa anaongea na kisogo changu. Lakini ukitaka nimkate, namkata sasa hivi."

Nikafikiri kidogo, nikasema asimkate, maana tayari nilishaonwa na watu wenye macho, huyu wa masikio atanidhuru nini? Nikamwambia, "Zuhura, ni la kushoto." Akajibu, "Ahsante baba, na pole sana. Mimi ndiye niliyekushtua."

Kwa aibu koo lilikauka, nikatoa chupa yangu ya maji nikainywa yote, halafu nikaomba kwenda chooni. Niliporudi Dokta Anitha alikuwa ananitazama mimi, si kompyuta. "Baba, unakunywa hivyo kila siku?" Nikasema ndiyo, joto la ziwani. "Na usiku unaamka kukojoa?" Nikasema dokta, naamka mpaka Mwajuma amehamia upande wa ukutani. Akanichoma kidole, akaweka damu kwenye kipimo kidogo cha sukari, akanionyesha namba. Sukari ilikuwa juu mno. Huko ndiko majipu yale yasiyokwisha yalikotoka.

Hapo kicheko chote kiliniisha, kwa sababu baba yangu mdogo alipuuza kidonda cha kidole kwa miezi, na sukari ikamchukua mguu mpaka gotini. Nikauliza kama na mimi nimechelewa. Akasema, "Hujachelewa. Ukinisikiliza, utashona miaka mingi." Kisha akanifundisha dawa na chakula, mpaka nikarudia mwenyewe kwa mdomo.

Sasa jipu limepona, halijaota jingine, nashona nimekaa sawasawa. Nimejiapiza kwamba mtu akiniuliza "unaridhia?" namwomba aseme tena, hata kama ni karani wa msikiti anayeandika michango, na watu wanichoke wakitaka. Katika dua zangu namtaja Dokta Anitha, namtaja na Zuhura ambaye sijamwona sura na simjui kwao. Mama mkwe namwombea kwanza kabla ya wote. Ila usoni bado siwezi kumtazama, naye, Mungu amzidishie, hajawahi kunilazimisha.