Siku Mama Zetu Walipotoboa Bwawa la Bwana Mita

Siku zile zetu, kabla bendera haijageuka, samaki wa kijito hakuwa na mwenyewe ila mwanamke aliyeamka mapema. Ninyi wenzangu mliokulia vijiji vya kando ya Lualaba, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kindu, mnanielewa. Wajukuu zangu hawanielewi. Samaki wao anatoka kwenye katoni, alikufa zamani katika nchi nyingine, na bado wakimwona na mwiba wanamwita mama yao aje kuutoa.

Kiangazi kilipoingia na maji kupungua, mama zetu walikuwa wakiziba kijito. Ilikuwa kazi ya wanawake watupu. Mwanamume hata kupita karibu hakuruhusiwa, eti kivuli chake kinafukuza kambale. Upande wa juu walipanga magogo, tope na majani ya migomba. Chini yake tulisimama mstari mmoja, mama, shangazi na sisi wasichana, tukichota maji kwa mabeseni na vibuyu na kuyamwaga nje mpaka mgongo unaomba msamaha. Kisha tope lilianza kutikisika lenyewe. Kamba, kaa, kambale wadogo wenye masharubu! Unamkanyaga mmoja, anateleza katikati ya vidole, unapiga kelele, wote wanacheka. Jioni samaki alifungwa katika majani na kuwekwa juu ya makaa, na mawese na pilipili, na wali wa mavuno mapya pembeni. Sijala kitu kama kile tena.

Mama yangu Zaina alikuwa na sharti moja: shimo la mwisho, lile la kina chini ya mti ulioanguka, haliguswi. Humo walibaki mama wa samaki. Ukitia mkono humo unachapwa, hata kama ni wewe mgeni.

Ndipo akaja Bwana Mita. Jina lake la kwao tulilisikia na kulisahau. Sisi tulimwita Bwana Mita kwa sababu ya fimbo ndefu yenye alama aliyopimia kila kitu, hata kuku wakipita tulidhani atawapima. Alikuwa Mbeleji, mzungu wa serikali, wa mambo ya kilimo. Aliwakusanya wanaume akasema watoto wa kijiji hiki wana matumbo makubwa kwa kukosa samaki, kwa hiyo kila kijiji lazima kichimbe etangi, yaani bwawa la kufugia tilapia. Ni kweli baadhi yetu tulikuwa na matumbo makubwa. Lakini hakuuliza tunakula nini, na wanawake hakuwaita kabisa.

Wanaume wakachimba, baba yangu Ramazani mmoja wao, mvua na jua. Halafu maji ya kujaza bwawa yakahitajika, na Bwana Mita akanyoosha fimbo yake kuelekea kijito chetu. Mfereji ukakatwa. Kiangazi kilipofika, tulishuka na mabeseni yetu tukakuta mawe makavu na kaa mmoja aliyekufa. Shimo la mama wa samaki lilikuwa limebaki tope la kupasuka. Mama aligeuka akarudi nyumbani na beseni tupu kichwani, akilishika kwa mikono miwili kama lililojaa.

Na samaki wa bwawani? Hao walikuwa wa kutazamwa. Hakuna kuvua mpaka Bwana Mita aje kuwapima. Ukingo ulipomomoka kwa mvua, baba alipelekwa boloko, yaani jela, siku saba kwa uzembe, wakati usiku ule ule alikuwa amelala na homa. Alirudi amekonda, hataki kuangalia mtu usoni. Sisi tulikula sombe, majani ya muhogo, bila kitu ndani yake, jana, leo na kesho. Nilimwogopa Bwana Mita na nilimchukia, na mpaka leo sioni haya kulisema.

Basi ikatangazwa siku ya ukaguzi. Siku moja kabla, jioni, mama alikwenda kwa Kapita Selemani, mkubwa wa kijiji, na mimi nyuma yake nimebeba mdogo wangu. Alimwambia maneno machache tu: "Kesho, banaume bote baende mu barabara kupokea Bwana. Asibakie hata mumoja mu kijiji." Kapita alimwangalia sana. Hakuuliza kwa nini, na nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote aliyowahi kufanya katika ukapita wake.

Asubuhi motokari ikafika. Wanaume walipanga mstari barabarani, na moniteri, kijana wa kwetu aliyemfanyia Bwana kazi, akafungua kitabu na kuanza kusoma majina. Kila mmoja aliitika, "Iko." Kitabu kile kilikuwa na wanaume tu, wale wa kodi na wa kazi za lazima. Baba aliitika. Kapita aliitika. Na huku wakiitika mmoja mmoja mbele ya macho ya Mbeleji, sisi tulikuwa bwawani na majembe.

Nilikuwepo. Mikono yangu midogo ilitoa tope lile. Mama alipiga jembe la kwanza, shangazi la pili, kisha ukingo ukapasuka na maji yakaruka kurudi katika njia yake ya zamani, na tilapia ndani yake waking'aa. Tuliokota waliobaki katika tope. Mama alisema wale wakubwa tuwaache waende na maji, wakakae katika lile shimo la chini ya mti ulioanguka.

Bwana Mita alipofika na fimbo yake, alikuta bwawa tupu. Akageuka kwa wanaume kuuliza nani amefanya. Moniteri akatafsiri. Ndipo mama akapanda kutoka kijitoni, tope mpaka magotini, na wanawake wote nyuma yake, wengine na watoto mgongoni.

"Njo sisi tumefanya," alisema. "Mayi iko ya batoto yetu, tumeirudisha. Tafuta jina yetu mu kitabu yako, uandike."

Moniteri alifunua karatasi mbele, akafunua nyuma. Hatukuwemo. Bwana Mita aliwaka, akataja boloko, kisha akatuangalia tulivyo wengi na watoto wanaolia, akapanda motokari yake.

Hakukata tamaa siku hiyo. Mfereji ulikatwa tena mwaka uliofuata, na mama zetu wakauziba tena. Mara ya tatu bwawa lilipelekwa bondeni kwenye vyura, ambako hakuna aliyekosa kitu, na baada ya uhuru liliota majani. Baba alipenda kulalamika akicheka: yeye alilala boloko kwa ukingo uliobomoka wenyewe, na mke wake aliyebomoa bwawa zima akalala nyumbani.

Mwaka jana walikuja vijana wa mradi, wasafi, wana simu kubwa mikononi. Wanataka mabwawa ya tilapia, na safari hii wanaanza na akina mama. Wasichana wa siku hizi walikimbilia orodha kama wanagawiwa chumvi, na hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi. Kijito chao hawakijui. Hawajawahi kukanyaga kambale. Niliwatazama nikamkumbuka mama na beseni lake tupu, nikaona uchungu.

Zamu yangu ilipofika, kijana akaniuliza kwa adabu, "Mama, tuandike jina gani?"

"Andika Feza, mutoto wa Zaina," nikamwambia. "Na chini yake andika: jembe yake iko kwangu, nyuma ya mulango."