Nani Anachuma Majani Yangu

Mimi ni mwepesi wa kushuku, wala sioni haya kulisema. Mwezi wa Mei, baridi ilipokwisha kabisa, nilikwenda dukani kununua maua nikawa nageuza kila mche kutafuta wadudu chini ya majani, mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia nataka kitu kitakachovumilia jua la Woodbridge. Akanionyesha mmea unaotambaa, wenye majani ya rangi ya ndimu, wa kuning'inia kwenye chungu. Nikacheka peke yangu. Yalikuwa matembele, majani ya viazi vitamu tunayoyala kwetu kama mboga. Huku ughaibuni wameyafanya pambo.

Nilinunua miche sita nikaipanda kwenye vyungu vitatu mbele ya mlango. Chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu hakiruhusu mboga mbele ya nyumba, maua tu. Hakuna aliyeniandikia barua, nami nikajiona mjanja.

Mama yangu alikuwa amefika kutoka Korogwe mwishoni mwa Aprili, akae nami miezi sita. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo langu hasa, maana mama hakuwa akila. Nilikuwa natoka alfajiri kwenda kazini Sterling, narudi jua linazama, na chakula nilichomwachia kwenye friji nakikuta kama nilivyokiacha. Nikimuuliza, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Nilimpangia siku ya kuonana na daktari, akagoma, akasema haumwi popote. Nikashuku meno, nikashuku tumbo, nikashuku kuna ugonjwa aliokuja nao akaamua kunificha. Cha ajabu hakukonda. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Mimi nilidhani anajaa maji mwilini, nikazidi kuogopa.

Katikati ya hofu hiyo majani yakaanza kupungua. Kwanza niliwashuku kulungu, kwa sababu huku kwetu wanakuja mpaka barazani kula maua ya watu. Nikanunua dawa ya kuwafukuza, inayonuka mayai viza, nikanyunyiza. Wiki iliyofuata yakapungua tena. Safari hii niliinama nikatazama vizuri. Kulungu huchana jani ovyo. Haya yalikuwa yamekatwa kwa ukucha, ncha zile laini tu, na shina limeachwa lichipue upya. Aliyefanya hivyo alikuwa amekua akichuma matembele.

Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo nilimjua mmoja. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Bukavu, wa makamo ya mama yangu, na harufu ya mawese yake ilikuwa ikinifikia mpaka chumbani. Tulikuwa watu wa salamu tu, na hizo nazo nikazipunguza. Siku moja aliniambia, "Jambo, mwanangu, maua yako iko muzuri sana," nikasikia kejeli. Jioni ile nilimwambia mama amwangalie sana yule mwanamke, si mtu wa kuaminiwa. Mama alinitazama kidogo, kisha akaendelea kukunja nguo.

Mwezi wa Agosti nikafunga kamera mlangoni. Siku ya tatu, mchana, nilikuwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini nakula mkate wangu, simu ikaniashiria kuna mtu mlangoni. Nilifungua picha nikiwa nimeshapanga hadi maneno ya kumwambia jirani. Aliyeinama kwenye vyungu vyangu alikuwa mama. Alichuma bila haraka, akitia majani kwenye pindo la kanga, halafu akaenda mlango wa pili akaingia bila kubisha.

Nilipaswa kuona aibu pale pale. Badala yake nilishikwa na wivu, nikaanza kushuku upya: wanasema nini juu yangu hao wawili? Kesho yake niliomba ruhusa, nikaendesha gari mpaka nyumbani, na saa saba mchana nilikuwa nagonga kwa jirani.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye zulia, mbele yake sinia la ugali, samaki na matembele. Alikuwa anakata tonge kubwa kubwa na anacheka huku mdomo umejaa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu afike.

Aliponiona aliacha kucheka. "Hiyo dawa yako inanuka," alisema. "Tunayaosha mara tatu."

"Mama, kwangu chakula kipo." Sauti ilinitoka vibaya.

"Kipo, mwanangu. Kipo tele. Mtu wa kula naye ndiye hayupo."

Jirani alinisogezea nafasi kwenye zulia. "Mama yako anapendaka kukula na watu," alisema kwa upole, kama anayenitetea. "Weye uko na kazi mingi. Ikala." Akapigapiga zulia ili nikae.

Ndipo aibu iliponishika, tena ile ya kuchoma. Miezi minne nilikuwa nimechunguza shingo ya mama, mikono yake, jinsi anavyofunga kanga, na sikukumbuka hata siku moja niliyoketi naye tukala. Jioni nilikuwa nampakulia yeye mezani, kisha mimi nakula nimesimama jikoni huku natazama simu.

Jirani aliniletea maji ya kunawa. Nikavua viatu vya kazi, nikakaa kando ya mama. Alinigeuzia sinia ili upande wenye mboga nyingi uje kwangu, akaweka mkono wake magotini. Hakugusa chakula tena mpaka nilipokata tonge langu la kwanza.